Arobaini kwa Kiingereza

Nchi yetu ina jina zuri mno, ila siwezi kulitaja. Si kwamba naogopa. Lilibadilishwa likawa la Kiingereza, refu, lenye herufi zinazoandikwa halafu hazisomwi, na tangu siku hiyo hakuna raia aliyeweza kulitamka bila kujiuma ulimi. Mgeni akituuliza tunatoka wapi, tunamwonyesha ardhi kwa kidole.

Mimi ni msusi. Kibanda changu kipo sokoni, mkabala na mtaro, na ndani yake kuna kioo kikubwa kuliko vyote mtaani. Habari za nchi nazipata nikiwa nimeshika vichwa vya watu, na mtu aliyeshikwa nywele huwa hana nguvu ya kudanganya. Kwa hiyo haya nitakayoyasema ni ya kweli, na pale mtakapoona nafurahi, msinilaumu.

Mageuzi yalianza siku Mheshimiwa Daktari Mbwembwe, Waziri wa Ulimi, alipopanda jukwaani kutangaza kuwa serikali imefanya utafiti na kugundua kwa nini wananchi hawajui Kiingereza. Kisa ni madarasa.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Nani kati yenu amewahi kumwona samaki darasani? Hayupo! Na bado anaogelea! Kuanzia leo Kiingereza kitafutwe nje! Kwenye redio, kwenye vibao, kwenye vioo, kwenye ndoto zenu! Na hii ndiyo hotuba yangu ya mwisho kwa Kiswahili. Mkinisikia tena hadharani nasema lugha hii, nifungwe mimi mwenyewe!"

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Madarasa yakatiwa makufuli, na ndani yake Waziri akahifadhi saruji, ileile iliyonunuliwa na serikali kwa ajili ya kufunikia mitaro ya soko. Saruji ikawa inalala chini ya ubao, watoto wakawa wanacheza kando ya mtaro, na taifa likasemekana linasonga mbele.

*

Amri ya kwanza ilikuwa kila kitu nyumbani kibandikwe karatasi yenye jina lake la Kiingereza. Tukabandika milango, vinu, masufuria na mito. Bibi mmoja wa nyumba ya nyuma alibandikwa kwenye paji la uso, na kwa kuwa wajukuu zake hawakujua tahajia, alisomeka kama aina ya sabuni. Mbuzi wa Mzee Kombo akapita akizila karatasi za mtaa mzima. Alikamatwa kwa kosa la kumeza msamiati wa taifa. Viongozi walikaa kikao juu yake, na kikao hicho kilikuwa na wali.

Amri ya pili ilihusu ndoto. Wakaguzi walipita alfajiri wakiuliza watu wameota kwa lugha gani. Mjomba wangu, mtu asiyejua kusema uongo, alikiri kuwa ameota kwa Kiswahili. Akaamriwa arudi kulala aote upya, na mkaguzi akakaa kitandani kumsubiri.

Amri ya tatu ilinipa mimi wateja. Kila raia alitakiwa kuzungumza na nafsi yake mbele ya kioo, kwa Kiingereza, na kioo cha maana kilikuwa changu. Watu walipanga foleni. Akifika mtu, anajitazama, anasema "Hau ayu," anangoja ajijibu, hajijibu, anaondoka akiwa amejikasirikia. Wengine wamenuniana na nafsi zao mpaka leo.

Wa kusimamia yote hayo, na kumkamata asemaye Kiswahili hadharani bila kibali, walikuwa Askari wa Ulimi, chini ya Sajini Nyundo. Sajini alikuwa mtu mnyoofu kabisa. Hakuweza kufikiri mambo mawili kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu aliaminiwa.

*

Sasa lazima nieleze kasoro moja ya watu wetu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Sisi tunasema pole. Mtu akijikwaa, pole. Akikohoa, pole. Akitoka kazini, pole na kazi. Akiwa na mgonjwa, pole ya kuuguza. Hata adui yako akigonga kidole cha mguu kwenye jiwe, unampa pole kwanza, ndipo unaendelea kumchukia. Mama zetu walitufundisha hivyo tukiwa tunatambaa, na mtu wa kwetu akiona balaa la mwenzake asiseme pole, koo linamwasha.

Wizara ya Ulimi ilipotunga Kamusi ya Taifa ilikwama hapohapo. Waingereza hawana pole. Waziri akakuna kichwa, akaamua, akatia sahihi kwa wino wa kijani: pole ni sori. Basi tukahamia kwenye sori. Mtu akipita na gunia kichwani, sori. Akipiga chafya, sori. Soko zima lilikuwa likiombana msamaha kutwa bila mtu kumkosea mwenzake, na kwa kweli palikuwa na amani.

Amani hiyo ikamponza Fundi Machano.

Machano alikuwa mshona viatu, mtu mpole mwenye kibanda ukingoni mwa mtaro, karibu na changu. Mkewe, Bi Siwema, alikuwa akikaanga vitumbua upande wa pili, na ndiye shoga yangu wa tangu utotoni. Siku hiyo Waziri Mbwembwe alikuja sokoni na wageni wafadhili kutoka ng'ambo, awaonyeshe jinsi umma unavyojifunzia nje ya darasa. Alikuwa akitembea kinyumenyume, mikono imepanuliwa, akiwaeleza wageni mambo makubwa. Mtaro ulikuwa wazi, kama mnavyojua, kwa kuwa saruji ilikuwa shuleni. Akatumbukia mzimamzima, na maji ya mtaro wetu si ya kusimuliwa.

Wasaidizi wake walisimama ukingoni wakitafuta neno la Kiingereza la kuitia msaada. Machano alitupa kandambili aliyokuwa akiishona, akaruka ndani, akamkumbatia Mheshimiwa kiunoni na kumsukuma juu. Na huku akimsukuma alikuwa akimliwaza kwa moyo wake wote: "Sori, Mheshimiwa! Sori sana! Veri sori!"

Mguu wa Waziri ulikuwa umeteguka. Heshima yake ilikuwa imeteguka zaidi, kwa sababu mgeni mmoja alicheka. Akamnyooshea kidole Machano, wageni wote wanaona, akasema maneno ambayo hatukuyaelewa. Sajini Nyundo aliyaelewa kwa kidole.

*

Sheria ya Sori ilipitishwa asubuhi moja na ikarudishwa nyuma hadi siku ya mtaro. Ilisema kwamba yeyote atakayetamka neno hilo mbele ya mashahidi amekiri balaa lolote linalozungumzwa wakati huo, na hatasikilizwa tena.

Jaji Mkuu alikuwa na kibali cha kusema Kiswahili ndani ya mahakama, kwa faida ya wajinga.

"Mshitakiwa, Mheshimiwa alipokuwa mtaroni ulitamka neno gani?"

"Nilisema sori, Mtukufu."

Jaji akafungua kamusi ya ng'ambo, nene kama tofali. "Imeandikwa hapa kuwa ni neno la mtu aliyekosa, anayekiri na kujuta. Kwa nini ulimsukuma Mheshimiwa mtaroni?"

"Nilimsukuma kumtoa! Sori yangu ilikuwa ya pole, Mtukufu. Pole tu, anayopewa mtu yeyote."

"Neno hilo mahakama hii hailijui."

"Pole?"

"Amelirudia," Jaji akamwambia karani. "Ongeza kosa la pili, kusema Kiswahili bila kibali."

Machano akahukumiwa kufungwa mpaka atakapoweza kujitetea kwa Kiingereza fasaha. Waziri, aliyekuwa amelaza mguu wake wa bandeji juu ya mto wa hariri, alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema gereza ni mahali pazuri sana pa kujifunzia, kwa kuwa halina darasa hata moja.

Bi Siwema aliruhusiwa kumtembelea mumewe kwa sharti kwamba wazungumze Kiingereza. Mimi nilimsindikiza mara nyingi. Walikaa na wavu katikati, askari kasimama masikio wazi, na kati yao walikuwa na maneno mawili tu waliyoyajua sawasawa.

"Gud moning," alisema Bi Siwema, hata ikiwa jioni.

"Gud moning," alijibu Machano.

Maneno hayo waliyatumia kwa kila kitu. Gud moning ya kwanza ilikuwa salamu. Ya pili ilikuwa watoto hawajambo. Ya tatu, aliyoisema Bi Siwema akimtazama mifupa ya mabega, ilikuwa mbona umekonda hivyo, na Machano aliijibu kwa gud moning nyepesi, ya kutaka asihangaike. Nilikuwa nakaa pembeni nikiuma mtandio. Hata leo mtu akinisalimia hivyo siitikii.

*

Machano alijitahidi. Alisikiliza redio ya askari kupitia ukutani, akajifunza kusema mimi na siyo na mtaro. Ilibaki kidogo tu aweze kujitetea. Ndipo akaumwa tumbo.

Gereza lilikuwa na mganga wake, Tabibu Shauri, aliyetunukiwa Cheti cha Kiingereza cha Nje ya Darasa, daraja la kwanza. Alipata cheti hicho kwa matamshi. Maana ya maneno haikuwa kwenye mtihani. Alikwenda kabatini akatoa chupa, na chupa ilikuwa na maandishi mengi ya Kiingereza, mengine mekundu, pamoja na picha ya fuvu. Tabibu aliyasoma yote kwa sauti nzuri sana, mpaka wafungwa wakanyamaza kumsikiliza. Halafu akamimina kwenye kijiko, akampa Machano.

Ilikuwa dawa ya kusugulia sakafu.

Tulimzika kesho yake. Pale kaburini hakuna aliyethubutu kumwambia mjane neno, kwa sababu pole ilikuwa kosa na sori ilikuwa kukiri. Tulisimama tumefunga midomo, watu wazima, makoo yanatuwasha kama tumekula mihogo mibichi. Bi Siwema alitutazama mmoja mmoja. Kufiwa alikuwa amefiwa, na sasa hata pole alikuwa ananyimwa. Hapo ndipo nilipoona macho yake yakikauka, na macho ya mwanamke yakikauka mapema hivyo, wenye akili huhama mtaa.

*

Habari za Machano zilivuja. Watu wakanong'ona, wanong'onezwao wakanong'ona zaidi, na wageni wafadhili walikuwa wametangaza kwamba wanarudi. Waziri Mbwembwe akapata wazo kubwa. Siku ya arobaini ya marehemu, serikali yenyewe ingefika msibani kumpa mjane mkono, mbele ya wageni, na redio ikirusha moja kwa moja nchi nzima. Ingeitwa Arobaini ya Kwanza ya Taifa kwa Kiingereza.

Tulijaribu kumweleza mjumbe wa Wizara kwamba mjane yumo edani na hakutanishwi ovyo na wanaume wa nje. Alitujibu kwamba kwa Kiingereza hakuna neno la eda, kwa hiyo eda haipo.

Viongozi wote wakaanza mazoezi. Wizara iliwatungia sentensi moja ya rambirambi, na waliopata shida nayo walifupishiwa: "Ai em sori." Niliwasikia wakiifanyia mazoezi kwenye kioo changu, mmoja baada ya mwingine, mkono kifuani. Hakuna aliyeikumbuka Sheria ya Sori. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya wadogo, na wakubwa walikuwa wamesahau kwamba na wao wana midomo.

Mimi sikusahau. Nilikibeba kioo kichwani nikampelekea Bi Siwema nyumbani, maana mjane hatembei. Nikamweleza nilichokisikia.

Alifungulia redio.

Redio ya Taifa ilikuwa ikirusha kutwa michezo ya kuigiza ya Kiingereza, bila tafsiri, ili lugha ituingie kama joto. Kulikuwa na mmoja uliorudiwa mpaka tuliuchoka. Bunduki inalia, mtu anaanguka kwa kishindo, halafu mwanamke anapiga kelele: "Hu kild mai hazbend?" Hakuna mwanamke anayehitaji kamusi hapo. Ni nani kaniulia mume.

Bi Siwema akaketi mbele ya kioo. "Shoga, hebu nisikilize. Hu kild mai hazbend?"

"Mwenzangu, umepatia mpaka machozi."

"Machozi yangu. Maneno ndiyo ya redio."

Alirudia siku nzima, na kesho yake, na siku zote zilizofuata. Aliisemesha sufuria, aliusemesha mlango, yote yaliyobandikwa karatasi aliyauliza. Kama kuna raia aliyetekeleza agizo la serikali la kujifunza nje ya darasa, basi ni yeye. Sentensi moja tu, lakini ukiisikia nywele zinakusimama, na nywele mimi nazijua.

"Wao wataulizwa swali," akaniambia, "na jibu wameshalifanyia mazoezi. Neno lilelile walilomfungia Machano. Walilete wenyewe, kwa miguu yao."

"Na Waziri? Yule Kiingereza anakijua kweli. Ataelewa."

Bi Siwema alijitazama kiooni. "Yule naye ana mama. Alifunzwa adabu kabla ya kufunzwa uwaziri." Kisha akanigeukia. "Siku hiyo mkeka utanitandikia wewe?"

"Nitautandika," nikasema.

*

Siku ya arobaini turubai lilifungwa uwanjani, jeupe, na bendera juu yake. Wageni wafadhili waliketi upande mmoja, wananchi upande wa pili. Katikati ulikuwa mkeka, na juu yake Bi Siwema, kajifunika mpaka kwenye nyusi, na mbele yake kipaza sauti cha redio. Nyuma ya turubai kulikuwa na masufuria ya pilau, na ubavuni mwa masufuria Sajini Nyundo alikuwa ameegesha karandinga lake, kwa kuwa alipenda kuwa karibu na chakula na sheria kwa pamoja.

Wa kwanza kupita alikuwa Tabibu Shauri, kavaa suti, cheti chake kakibandika kifuani. Aliinama kwa adabu.

Bi Siwema akainua uso. "Hu kild mai hazbend?"

"Ai em sori," akasema Tabibu, kwa ile sauti yake nzuri.

Bibi mmoja wa kigeni akajishika mdomo. Sajini Nyundo akakunja uso. Swali alikuwa halielewi, lakini jibu alilijua vizuri kuliko jina la mkewe, na mashahidi walikuwa uwanja mzima. Akamshika Tabibu kiwiko kwa upole, akampeleka nyuma ya turubai, kwenye karandinga.

Waliokuwa kwenye foleni waliona mwenzao anaongozwa kuelekea harufu ya pilau. Wakaanza kusukumana.

"Hu kild mai hazbend?"

"Sori! Veri, veri sori!" akasema Mkuu wa Gereza, akameza mate na kutazama njia aliyopita Tabibu. Sajini akampeleka.

Jaji Mkuu hakutaka kuzidiwa. Aliweka mkono kifuani, akafumba macho. "Ai em di most sori!" akatangaza. "Ai em sori moning, ai em sori ivning!"

Wageni wakasimama wote. Hawakuwahi kuona nchi ambayo mjane anauliza hadharani nani kamuulia mume, na wakubwa wanatoka mmoja mmoja, bila kushurutishwa, kukiri. Wengine walilia. Wakapiga makofi, na kila walipopiga, Sajini Nyundo alijua kuwa kazi yake inakwenda sawa, akaongeza kasi. Wakafuata wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu, na makarani wa wasaidizi. Wote walikwenda kwenye pilau. Sisi wananchi tulitazama chini, na mabega yetu yalikuwa yanatikisika. Kama ni kilio au ni kingine, hilo kila mtu na Mola wake.

Waziri Mbwembwe alichelewa, kama inavyompasa mtu mkubwa. Alishuka garini wakati foleni imekwisha, akashangaa kuona viti vya viongozi vitupu na wageni wanampigia makofi kwa nguvu. Akatabasamu. Akasogea mbele ya mkeka na kusafisha koo.

"Hu kild mai hazbend?" akauliza Bi Siwema.

Tabasamu likaganda. Yeye alielewa. Nilimwona akikitazama kipaza sauti, kisha viti vitupu, kisha karandinga lililokuwa likichungulia ubavuni mwa turubai, limejaa suti. Akaelewa yote, kuanzia mtaro mpaka pilau. Sentensi yake ya rambirambi ilikuwa imeshafika kwenye meno, akaifungia mdomo. Redio nzima ikawa kimya. Angesema sori, amekiri. Angesema Kiswahili, alijiapiza mwenyewe jukwaani. Akachagua kunyamaza, na alikuwa anajua kunyamaza, yule bwana. Jasho lilimtoka, lakini neno halikutoka.

Basi Bi Siwema akainuka ampokee kwa heshima, kama inavyotakiwa mgeni mkubwa akifika. Mguu wake ukanasa kwenye mkeka, pale pembeni palipokuwa pamekunjika. Nani alipakunja, sijui. Mkeka niliutandika mimi. Akaanguka kwa magoti yote mawili, puu, na kipaza sauti kikaanguka naye.

Sisi wadogo tulimeza pole zetu. Tumezoea kumeza, tulifundishwa kwa rungu. Mheshimiwa hakuwahi kumeza pole tangu azaliwe.

"Pole!" akapiga kelele, akiruka kumshika mkono. "Pole, mama! Pole sana jamani!"

Nchi nzima ilisikia. Ilikuwa pole nzuri, ya kweli, iliyofunzwa na mama. Ingempata Machano akiwa hai angeitikia.

Sajini Nyundo akapiga saluti. "Mheshimiwa, ulisema mwenyewe."

*

Kumwachia haikuwezekana. Wageni walikuwa wameshapeleka kwao habari kwamba hii ndiyo serikali ya kwanza duniani kukiri makosa yake ikiwa imesimama kwenye foleni, na Mkuu wa Nchi alikuwa ameshapokea sifa zote na kuzivaa. Jaji mpya akateuliwa. Alikuwa mwangalizi wa makufuli ya shule, kwa hiyo alikuwa na uzoefu wa kufunga.

"Mimi nilisema pole tu!" Waziri alilia kizimbani. "Mama alianguka, nikampa pole!"

"Neno hilo mahakama hii hailijui," akasema Jaji mpya, maana hukumu ya Machano ndiyo pekee aliyokuwa ameisoma. Halafu akafungua Kamusi ya Taifa. "Lakini kamusi yako inalijua. Hapa, kwa wino wa kijani. Pole ni sori. Na sori ni kukiri. Kwa hiyo swali la mjane umelijibu, na umelijibu kwa lugha mbili."

Nilikuwa nimekaa benchi la mbele, na sitawaficha, nilicheka mpaka nikaambiwa nitatolewa. Machano alitaka sori yake igeuzwe kuwa pole, mlango ukafungwa. Bwana huyu pole yake iligeuzwa kuwa sori hata kabla hajakaa vizuri.

Ikabaki adhabu. Afungwe mpaka aweze kujitetea kwa Kiingereza fasaha. Waziri akapumua, akanyoosha tai, na palepale akajitetea kwa Kiingereza cha hali ya juu, kirefu, chenye mapambo, kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Jaji mpya alimsikiliza kwa makini. Alipomaliza akamwambia kwamba mahakama haikuelewa hata neno moja, na kwamba atakaa ndani mpaka mahakama nayo itakapojifunza. Mahakama ingejifunza nje ya darasa.

*

Bi Siwema alimaliza eda akarudi sokoni. Mitaro bado iko wazi, saruji bado iko shule. Alikuwa anakaanga vitumbua nilipomfikishia habari, niliyoipata kwenye kichwa cha mke wa askari jela.

"Mbwembwe anaumwa," nikamwambia. "Tumbo."

Akaendelea kumimina unga kikaangoni.

"Na kwa kuwa gereza halina mganga mwingine, wamemtoa Tabibu Shauri seli ya pili ili amtibu. Amekwenda kabatini. Amekuja na chupa, Siwema. Amemsomea maandishi yote, mekundu na meusi, kwa sauti nzuri sana. Wanasema gereza zima ni Mbwembwe peke yake aliyeelewa kilichosomwa. Alikuwa anapiga kelele kwa Kiingereza, na askari wakawa wanasifu maendeleo yake, huku wamemshikilia anywe."

Wanunuzi waliokuwa wamesimama pale walimgeukia wote Bi Siwema. Sheria ya Sori ilikuwa imeshafutwa, kwa hofu ya wakubwa waliobaki. Pole ilikuwa ruhusa tena, na watu wa kwetu hata adui humpa. Walikuwa wanangoja waisikie.

Bi Siwema alichukua kijiti, akageuza vitumbua kimoja kimoja, vyekundu vizuri upande wa chini.

"Unataka vya moto," akaniuliza, "au vilivyopoa?"

"Vya moto," nikasema.

Koo likaniwasha kidogo. Nikanywa maji, likatulia.